Saikolojia Shuleni: Sayansi au Malezi?

Mapema Agosti 2023, siku chache kabla ya shule kufunguliwa katika jimbo la Florida nchini Marekani, maofisa elimu wa wilaya waliumiza vichwa. College Board, shirika linalotunga mitihani ya Advanced Placement kwa wanafunzi wa sekondari, lilikuwa limewashauri wasifundishe kabisa kozi yake ya saikolojia iwapo mada ya jinsia na mwelekeo wa kimapenzi ingeondolewa. Serikali ya jimbo ilikuwa imebana mafundisho ya mada hiyo hadi darasa la 12. Mwaka wa masomo uliotangulia, wanafunzi zaidi ya 28,000 wa Florida walikuwa wamesoma kozi hiyo.

Wengi waliuona kuwa ugomvi wa siasa za siku hizi. Siasa zilikuwamo, tena tele. Lakini somo hili halijawahi kukaa darasani kwa amani, kwa sababu wazazi na walimu hawajapata kukubaliana kama linamfundisha kijana sayansi au linamlea.

Katika karne ya 19 jibu lilikuwa rahisi: linamlea. Somo liliitwa falsafa ya akili, na miongoni mwa waliolitungia vitabu ni Thomas Upham, mchungaji aliyekuwa profesa katika chuo cha Bowdoin, jimboni Maine. Upham aliigawa nafsi mafungu matatu, yaani akili, hisia na nia, akaichambua kama mtu anayemwandaa mwanafunzi kwa maisha ya uadilifu. Mwaka 1861 kitabu chake kilitolewa kwa muhtasari kwa ajili ya shule za sekondari. Hapakuwa na jaribio hata moja la maabara humo, na hakuna aliyelidai.

Maabara ilikuja kutoka Ujerumani. Mwanasaikolojia Wilhelm Wundt alifungua ya kwake Leipzig mwaka 1879, na Wamarekani waliopita huko walirudi na hamu ya kupima kila kitu. Mmoja wao, G. Stanley Hall, alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilichoundwa mwaka 1892, kisha mwaka 1904 akachapisha juzuu mbili nene kuhusu ujana. Vyuo vikuu vikaikumbatia saikolojia ya vipimo. Sekondari zikabaki nyuma: kwa miongo mingi somo lilihusu kujitambua, kuelewana na wenzako na kujiandaa kwa ndoa na kazi, na mara nyingi mwalimu wake alikuwa wa historia au uraia. Si ajabu wanasayansi walilidharau. Vijana, kwa upande wao, walilipenda, na sioni kosa lao. Ni somo gani jingine lililowaeleza kwa nini wanakosa usingizi au kwa nini wanafuata mkumbo?

Mwaka 1992 saikolojia ilipata mtihani wake wa Advanced Placement, ambao ukiufaulu vizuri vyuo vingi hukuhesabia kama somo ulilokwisha kulisoma. Watahiniwa wa mwaka huo wa kwanza walikuwa takriban 4,000 tu. Miongo mitatu baadaye walikaribia 300,000. Mwaka 1999 chama cha wanasaikolojia kilipitisha viwango vya kitaifa vya kulifundisha sekondari, na utafiti ukapewa nafasi yake.

Hayo ni ya Marekani. Kwa Tanzania, wengi hukutana na somo hili wakiwa watu wazima, chuoni, hasa wanaosomea ualimu. Huko mwanafunzi hujifunza namna mtoto anavyojifunza. Mtoto mwenyewe haambiwi.

Tukirudi Florida, serikali ya jimbo ililegea kidogo. Siku moja baada ya tamko lile la College Board la Agosti 2023, kamishna wa elimu Manny Diaz aliandika kwamba kozi inaweza kufundishwa yote, mradi iendane na umri wa wanafunzi. Baadhi ya wilaya ziliirudisha; nyingine zilikuwa zimeshahamia mitaala mingine, ukiwamo wa Cambridge wa Uingereza. College Board yenyewe ikaifumua kozi hiyo, ikapunguza sehemu zake kutoka 9 hadi 5. Tangu Mei 2025 mtahiniwa hupewa muhtasari wa utafiti, akatakiwa kueleza ulifanywa kwa mbinu gani na matokeo yake yanathibitisha nini.