GeoGebra toleo la 5 na maumbo ya pande tatu

GeoGebra toleo la 5 ni programu ya kompyuta ya kuchora, kukata na kuzungusha maumbo ya kijiometri, na ndilo toleo lililoipa programu hiyo uwanja wa pande tatu. Markus Hohenwarter alianza kuitengeneza GeoGebra mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa ya mambo ya bapa tu: mistari, duara, grafu za milinganyo. Mwaka 2014 toleo la 5 likaja na miche, piramidi, pia, tufe, na bapa zinazoyakata maumbo hayo kwa mwinamo wowote, na mtumiaji akaweza kuligeuza umbo kwa kipanya kama mnunuzi anavyoligeuza embe mkononi. Makala hii inalipima toleo hilo kutokea Chukwani, kusini mwa uwanja wa ndege wa Unguja. Chukwani inajulikana kwa mabaki ya kasri la Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na siku hizi zaidi kwa Baraza la Wawakilishi. Lakini pale pia ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, kilichoanza mwaka 1998 kikiwa chuo cha elimu, na kazi ya chuo cha elimu ni kuandaa walimu. Thamani ya programu hii kwa Zanzibar inategemea walimu hao kuliko inavyotegemea idadi ya kompyuta.

Programu za aina hii husifiwa kwanza kwa uhuru wa kuzungusha: mwanafunzi ashike kipanya, azungushe umbo atakavyo, ataelewa mwenyewe. Sifa hiyo imezidishwa, na mfano mmoja wa kidato cha nne unatosha kuonyesha kwa nini. Chukua mche mstatili ABCDEFGH wenye kitako ABCD, ambapo AB ni sm 4, BC ni sm 3, na kimo CG ni sm 12. Mwanafunzi anaulizwa urefu wa ulalo AG, na pembe kati ya AG na kitako. Hesabu yenyewe ni nyepesi: AC ni sm 5, AG ni sm 13, na pembe ni takriban digrii 67. Ugumu uko kwenye mchoro. Ubaoni kitako huchorwa kikiwa kimelala upande, kwa hiyo pembe ABC, ambayo ni pembe mraba, inaonekana butu. Na pembe ACG, ambayo nayo ni pembe mraba na ndiyo inayobeba swali zima, haionekani kuwa mraba hata kidogo. Mwalimu anamwambia mwanafunzi atumie Pythagoras kwenye pembetatu ambayo macho yake yanamwambia haina pembe mraba. Anayekubali anakubali kwa kumwamini mwalimu, na kwenye mtihani hana mwalimu wa kumwamini.

Kuuzungusha mche huo ovyo ovyo kwenye kioo hakuondoi tatizo, kwa sababu karibu kila upande utakaoutazama utaipotosha pembe ACG kwa namna yake. Jicho linatakiwa lisimame mbele ya bapa ACG moja kwa moja, na hapo ndipo pembetatu inapojionyesha kwa umbo lake la kweli: miguu ya sm 5 na sm 12, pembe mraba kati yake. Toleo la 5 lina kitufe cha kazi hiyo hasa. Mtumiaji anabofya bapa, na programu inaligeuza umbo lote mpaka bapa hilo limtazame usoni. Akitaka, anaweza hata kulifungulia dirisha lake kama mchoro wa kawaida wa bapa. Kitufe hicho hakivutii macho kama mzunguko, na ni rahisi mtu kukipita bila kukigusa, lakini ndicho kinachofundisha.

Ushahidi wa kitaalamu unaelekea huko huko. Mwaka 2008 Madeleine Keehner, Mary Hegarty na wenzao walichapisha majaribio ambamo watu waliombwa kuchora jinsi umbo lenye mirija ndani yake lingeonekana likikatwa mahali fulani. Baadhi waliruhusiwa kuzungusha mfano wa umbo hilo kwenye kompyuta. Wengine walitazama tu bila kugusa. Waliozungusha wenyewe hawakuwashinda waliotazama mizunguko ile ile. Na waliotazama bila kugusa, pale walipoonyeshwa pande zenye taarifa inayotakiwa, walifanya vizuri. Kilicholeta tofauti ni kile ambacho jicho lilikiona. Kwa darasa maana yake ni kwamba anayeamua mafanikio ni yule anayejua upande upi uonyeshwe na lini, na huyo ni mwalimu.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza, la uhaba wa vifaa, linapopoteza nguvu zake nyingi. Kama kugusa kipanya kungekuwa sharti, darasa la wanafunzi wengi lingehitaji chumba kizima cha kompyuta. Kama sharti ni kuona upande sahihi, kompyuta mpakato moja na projekta vinatosha. Toleo la 5 likishawekwa kwenye kompyuta halihitaji intaneti, kwa hiyo suala la bando halipo. Umeme ni jambo jingine, na Unguja, iliyokaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 baada ya hitilafu kwenye mfumo wa kuupokea kutoka Tanzania Bara, haihitaji kukumbushwa. Lakini betri ya kompyuta mpakato inamaliza kipindi kimoja, ingawa projekta nayo itahitaji betri yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kadibodi, mkasi na gundi ni rahisi kupatikana, na mtoto anashika umbo halisi. Ni kweli, na kwa hatua ya kwanza, ya kulikunjua boksi ili kupata eneo la nyuso zake, kadibodi inaishinda kompyuta. Inashindwa kwenye mikato. Pia ya karatasi ukiikata mara moja imekwisha. Kwenye toleo la 5 bapa linaweza kuinamishwa polepole ndani ya pia, na mkato ukabadilika mbele ya darasa kutoka duara kuwa duaradufu, kisha parabola, kisha hipabola, bila kupoteza chochote. Wapo pia wanaosema mtihani hufanywa kwa kalamu na karatasi, hivyo kioo ni anasa. Ndiyo maana kitufe cha kulitazama bapa kwa mbele kina faida: baada ya kuiona pembetatu ACG mara moja, mwanafunzi anajua aichore pembeni ya karatasi yake, peke yake, kabla ya kuanza hesabu.

Lipo na pingamizi la umiliki. Mwaka 2021 GeoGebra ilinunuliwa na BYJU'S, kampuni ya India ambayo mwaka 2024 iliingia kwenye kesi ya ufilisi. Kuyategemeza mafunzo ya walimu kwenye mali ya kampuni kunahitaji tahadhari, na anayehofia ana haki. Hata hivyo programu ya aina hii haifi lazima pamoja na mwenye nayo. Geomview, kitazamio cha maumbo ya pande tatu kilichotengenezwa miaka ya 1990 katika Kituo cha Jiometri cha Chuo Kikuu cha Minnesota, kiliendelea kutunzwa na watu wa kujitolea baada ya kituo hicho kufungwa mwaka 1998, kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Msimbo wa GeoGebra nao uko wazi, na programu ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara.

Hivyo chuo kinachotaka kuitumia kisianze kwa kuhesabu mashine. Kianze na mwalimu-mwanafunzi mmoja mbele ya projekta, apewe mche wa sm 4, 3 na 12, na kabla hajagusa kipanya aulizwe atauonyesha kutoka upande upi, na kwa nini.