Nyama Yako, Mifupa Yangu

Mwaka jana nilikaa barazani na mzee mmoja hapa Wawi, si mbali na kiwanda cha makonyo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wakapita wanafunzi watatu na sare zao, wanatoka wanakokujua wenyewe. Mzee akatikisa kichwa: "Hawa hawajaonja bakora, mwanangu. Ndiyo maana."

Mimi niliionja. Katika skuli niliyosoma nilichapwa kwa kuchelewa, kwa kukosa hesabu, na siku moja kwa kosa la mwenzangu wa dawati. Hesabu zenyewe sikuzijua. Nilichojua ni kukaa nyuma na kunyamaza. Basi nikamuuliza: "Babu, mbona mnaitetea sana?"

Akanirudisha nyuma. Enzi zao mtoto alipopelekwa chuoni kusoma Kurani, baba alimwambia mwalimu: "Nyama yako, mifupa yangu." Wengi wetu tunayasikia maneno hayo kama ruhusa ya kupiga. Mzee anayasikia kama mkataba: mfupa ukivunjika, baba atakuja kuudai. Na mwalimu alikuwa mtu wa kijijini, anaswali msikiti mmoja na huyo baba. Alijua mtoto gani kalala na njaa na nani kafiwa na mama.

Skuli ya serikali ilikuja na mwalimu mgeni, na wazazi wengi waliikimbia. Waingereza walipotaka watoto wa vijijini waingie kwa wingi, ilibidi wakubali Kurani isomeshwe humo. Wazazi wakatulia. Bakora nayo ikaingia darasani, lakini ule mkataba ukabaki barazani.

Halafu yakaja Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na kwa Pemba bakora ikatoka nje. Watu wazima walichapwa hadharani, na wazee hadi leo wanazitaja siku za bakora. Mzee alikuwa mtoto, akaona. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mtu ana ndevu zake, anachapwa mbele ya wanawe. Ile haikuwa adabu. Ilikuwa kumvunja mtu."

Mwaka huohuo, tarehe 23 Septemba, elimu bila malipo ikatangazwa Zanzibar. Ni neema kubwa. Bila hiyo nisingeandika haya. Lakini madarasa yalifurika, wengine wakaingia asubuhi na wengine mchana, na mwalimu akabaki na bakora kama msaidizi wake wa pekee.

Mwaka 2011 Zanzibar ikapitisha Sheria ya Mtoto, iliyopata tuzo ya kimataifa mwaka 2015, na baadhi ya skuli zikajaribu njia mbadala za adhabu. Bara kanuni bado zinaruhusu viboko, visizidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Karatasi haikumlinda kila mtu: Agosti 2018, Bukoba, mwanafunzi wa miaka 13 alifariki baada ya kupigwa skuli, na mwalimu akashitakiwa kwa mauaji. Anayesema bakora haina madhara akumbuke hilo.

Lakini anayesema iondolewe tu, bas, naye amsikilize mwalimu. Rafiki yangu anayesomesha hapa Pemba aliniambia: "Nimewaandikia wazazi barua tatu, hakuja mtu. Siku nilipomfinya mtoto sikio, walikuja wote." Msimu wa karafuu ukifika, nusu ya utoro anaopambana nao umeagizwa na wazazi wenyewe, watoto wakachume. Atamwadhibu nani?

Mimi sitaki bakora irudi. Ninachodai ni ule upande wa pili wa maneno ya wazee, ambao hakuna sheria iliyourudisha. Mwalimu apewe darasa ambalo anaweza kuyajua majina yake yote. Awepo mtu wa ushauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, si mwalimu wa jiografia aliyebandikwa cheo. Na mzazi aitwe kabla mambo hayajaharibika, na akiitwa aende.

Nilipoinuka kuondoka nilimuuliza mzee kama amewahi kufika skuli anayosoma mjukuu wake.

"Kufanya nini?" akasema.

Kisha akaniuliza wale watatu waliopita walielekea wapi. Mmoja, kumbe, alikuwa wa jirani yake.