Tembo Wana Majina, Fundi Hana

Semista hii darasani tumekuwa tukibishana kuhusu vyanzo vya historia: maandishi, masimulizi, masalia ya kale, na picha. Hizo picha zilipitiwa haraka haraka, dakika kumi hivi, tukahamia kwingine. Sasa mimi ambaye kwa mwaka mzima najifunza kupiga picha, nikianzia kwa wanyama na sherehe za ukoo wetu, nikasema hapana, hapa pana jambo la kukaa nalo. Manake ukiichimba historia ya picha utakuta sehemu kubwa imetengenezwa na watu wa ridhaa, watu ambao hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Na ukiwafuata mmoja mmoja, kuna swali linajirudia: kwa nini picha hii imebaki kuwa historia na ile imebaki kuwa karatasi?

Tuanze na mashine yenyewe. Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, alianza kuuza kamera ya Kodak. Ndani ilikuwa na filamu ya picha 100. Ukizimaliza unairudisha kamera nzima kiwandani, wanasafisha picha, wanaweka filamu mpya, wanakurudishia. Kabla ya hapo kupiga picha ilikuwa kazi ya fundi mwenye vioo, kemikali na chumba cha giza. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kiboksi cha dola moja tu. Hapo ndipo karani, mama wa nyumbani na hata mtoto wa shule wakahamia nyuma ya kamera. Kikumbukeni hiki kiboksi, tutakutana nacho tena.

Lakini simba hakai pozi, na kiboksi cha dola moja hakikumuweza. Waliomuweza mwanzoni walikuwa wawindaji. Marekani alikuwepo George Shiras, mwanasheria na mbunge. Kazi yake haikuwa picha. Alikuwa anapenda kuwinda, akaamua kubadilisha bunduki kwa kamera. Usiku aliingia na mtumbwi kwenye ziwa la Whitefish kule Michigan, akiwasha unga wa magnesiamu ili upate mwanga wa ghafla. Halafu akabuni jambo la kijanja zaidi: akatega kamba, mnyama akiigusa anajipiga picha mwenyewe. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 katika toleo moja.

Kwetu huku alikuja Mjerumani, Carl Georg Schillings, naye mwindaji. Mwaka 1903 na 1904 alizunguka nyika za kuizunguka Kilimanjaro akiwa na kamera, vioo na magnesiamu. Alifunga punda au ng'ombe kama chambo, akamsubiri simba gizani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na jina lake tu linatosha kukueleza mtu alikuwa wa namna gani: kilihusu mwanga wa flashi na bunduki. Alikuja na vyote viwili.

Sasa angalieni mwaka. Julai 1905, milima ya Matumbi, vita vya Maji Maji vinaanza. Yaani wakati msomaji wa Ulaya anafunua kurasa na kumtazama pundamilia wa nyika yetu sura kwa sura, wenye nchi walikuwa wanapigania nchi. Na hao wenye nchi, wakipigwa picha, wengi waliishia kwenye postikadi zenye maneno kama "mwanamke wa Kiswahili", "mpagazi", "Mmasai mwenye mkuki". Hapo hakuna mtu, kuna aina. Picha bila jina inamgeuza mtu kuwa aina. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Ila nisije nikaonekana nalaumu tu, hebu tuwaangalie wanyama wenyewe, kwa sababu kwao jambo lilikuja kubadilika.

Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata mdogo wake Judy alikuja kusaidia kupiga picha, na mwaka 1962 akaja Hugo van Lawick ambaye picha zake ndizo zilizoitangaza Gombe duniani. Goodall aliwapa sokwemtu majina: David Greybeard, Flo, Fifi. Wasomi wa Cambridge walimwambia haifai, awape namba. Akakataa. Matokeo yake ni kwamba picha ya mwaka 1962 na picha ya miaka mingi baadaye zinaweza kuwekwa pamoja ukajua huyu ni mama, huyu ni binti, huyu ni mjukuu. Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London liliandika taarifa ya kifo chake. Sokwemtu huyo, wadau, kaandikiwa tanzia London.

Au nendeni Amboseli, Kenya. Tangu mwaka 1972 Cynthia Moss na wenzake wamekuwa wakiwapiga picha tembo, hasa masikio, kwa sababu sikio la tembo lina mikato, matundu na mishipa isiyofanana na ya mwingine. Kila ukoo una herufi yake, na majina ya ukoo huanza na herufi hiyo. Ukisikia Echo na Erin unajua ni ukoo mmoja, na kweli Erin alikuwa binti wa Echo. Echo alikufa mwaka 2009 akiwa na historia inayofahamika kuliko ya watu wengi ninaowajua. Kilichofanya kazi hiyo ni kamera ya kawaida kabisa, pamoja na kadi iliyoandikwa jina na tarehe.

Mimi tembo bado sijamuweza vizuri. Shule yangu ni Mikumi, tukienda na wenzangu kwa kuchangishana nauli, na kamera yangu ni ya mtumba. Lakini niwaambie kitu ambacho kimenishangaza: unachojifunza porini ndicho unachokitumia ukumbini. Porini unajifunza tabia kabla ya picha. Swala pala wakiinua vichwa wote kwa pamoja, masikio yameelekea upande mmoja, una kama sekunde moja kabla hawajatimka. Sasa nenda kwenye send-off ya binamu. Shangazi akianza kukaza kanga kiunoni, ujue vigelegele na dansi vinakuja, sogea. Keki ya wazazi ikishatajwa, acha kumfuata bibi harusi, kaa karibu na meza ya mama yake. Hapo ndipo machozi yatatoka, na hayasubiri mtu abadilishe lenzi.

Mwanga nao ni hivyohivyo. Saa sita mchana twiga anakuwa bapa kama katuni, na wajomba waliopangwa mbele ya nyumba saa hiyohiyo wanakuwa na vivuli vyeusi machoni. Subiri saa kumi na moja jioni, wote wanapendeza, twiga na wajomba. Na popote ulipo, jicho ndilo la kulenga. Jicho likiwa safi, vingine vyote vinasamehewa.

Tofauti iko sehemu moja tu. Nikimpiga picha ndege, nikirudi hosteli naandika: jina lake, mahali, tarehe, saa. Ni desturi ya wapiga picha za wanyama, utaikuta kwenye kila kitabu chao. Nikitazama picha za familia, si zetu tu bali za karibu kila nyumba niliyoingia, nyuma ya picha ni peupe.

Si kwamba picha za watu wetu hazikupigwa. Zilipigwa nyingi na kwa ustadi. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Familia nzima nzima za Unguja zimepita mbele ya kamera ile, kwa Idd, kwa harusi, kwa safari. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe, akawa anakata na kuunganisha picha hadi sura ya mtu inachomoza ndani ya ua. Miji yote ya pwani ilikuwa na studio zake.

Lakini tazameni kinachotokea picha zikitoka nyumbani bila maelezo. Mfano bora kwangu uko mbali kidogo, Mali, lakini unaanza na kile kiboksi chetu. Mwaka 1935 kijana wa Bamako aitwaye Seydou Keïta, anayejifunza useremala, aliletewa na mjomba wake Brownie kutoka Senegal. Akaanza na ndugu na majirani. Mwaka 1948 akafungua studio. Kwa kawaida mteja mmoja alipigwa picha moja tu, filamu ni ghali, kwa hiyo ilibidi aipatie. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zikaonyeshwa New York. Unajua ziliandikwa nani kazipiga? Mpiga picha asiyejulikana. Na Keïta alikuwa hai, yuko Bamako! Ikabidi mtu afunge safari kwenda kumtafuta. Baadaye akapata sifa ya dunia nzima, akafariki mwaka 2001. Yeye jina lake limerudi. Waliokaa mbele ya kamera yake wengi hawajarudishiwa. Picha nyingi mno kwenye makumbusho zimeandikwa tu "bila jina". Ni wale wale wa postikadi, safari hii wamevaa vizuri.

Kiboksi hichohicho kilimfikia pia mwanafunzi mmoja wa Dar es Salaam, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Alianza na Brownie akiwa bado shuleni. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapahapa Dar. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akatengenezewa wa bandia, akarudi kazini. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Mtu wa ridhaa hajui leo picha yake itakuja kuwa nini kesho. Kwa hiyo aandike.

Sasa niwaambie kwa nini hili jambo halinitoki kichwani. Bibi yangu ana boksi la biskuti lenye picha arobaini na kitu. Likizo iliyopita tulikaa dirishani, maana macho yake yanakwenda na anahitaji mwanga mwingi. Kuna picha ya wanaume sita mbele ya nyumba mpya ya udongo, mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini. Alitaja mmoja mmoja kwa kidole: jina, mke wake, watoto, kaburi liko wapi. Akafika kwa wa sita, kijana mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Akanyamaza. Akasema, "Huyu ni ndugu wa babu yako. Alikwenda kwenye mkonge Tanga, hakurudi. Tulikuwa tunamwita Fundi. Jina lenyewe alilijua babu yako."

Babu amefariki. Basi ndiyo hivyo, ndani ya ukoo wetu wenyewe, bila Mjerumani wala postikadi, mtu amekuwa aina. Fundi. Echo na Erin wana majina, yeye hana. Na bibi akiondoka, wale watano nao watamfuata Fundi kama hakuna aliyeandika.

Tusidhani simu zitatuokoa. Kodak ndiyo ilikotengenezwa kamera ya kwanza ya dijitali, mwaka 1975, na Steven Sasson. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Januari 2012 kampuni hiyohiyo ikaomba kulindwa na mahakama kwa kufilisika. Leo simu ya mwanafunzi mmoja ina picha kuliko boksi la bibi mara mia, lakini kila moja inaitwa kwa namba. Ikipitia WhatsApp ubora unapungua na taarifa za siku ilipopigwa zinaachwa njiani. Simu ikiibiwa kwenye daladala, ukoo umeibiwa.

Kwa hiyo ninavyofanya mimi ni hivi. Picha ya zamani naipiga picha karibu na dirisha, bila flashi. Nyuma naandika kwa penseli laini, kwa sababu kalamu inaacha alama mbele na wino unavuja: majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na aliyepiga kama anajulikana. Bibi akisimulia, namrekodi kwa simu. Za kwangu za dijitali nabadilisha jina la faili usiku uleule wa sherehe, kabla sijalala, kama ninavyofanya kwa ndege. Inachosha, hasa ukitoka send-off saa nane usiku. Lakini ni dakika ishirini tu.

Kwa Fundi bado natafuta. Kuna mzee kijiji cha pili anasemekana alikwenda naye kwenye mkonge. Nauli ikipatikana nitamfuata.

Wadau, likizo inakaribia. Mkifika nyumbani ulizieni boksi liko wapi, na mkae na aliye mzee kuliko wote, mchana, penye mwanga. Bebeni penseli. Mimi ngoja nikimbilie maktaba, kesho kuna tesiti na sijasoma vya kutosha. Alamsiki.