Kuingia Rahisi, Kutoka Ndiko Kwenye Kazi

Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani, alikuwa amebanwa na muda. Allan Scherr alihitaji kompyuta kwa utafiti wake, na mgawo wake wa saa nne kwa wiki haukumfikisha popote. Mfumo wa pale, CTSS, ulioonyeshwa mara ya kwanza Novemba 1961 na Fernando Corbató na wenzake, uliwawezesha watu kadhaa kutumia mashine moja ya IBM kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona kama ni yake peke yake. Mashine ilikuwa ghali na wahitaji wengi, kwa hiyo kila mtu alipewa jina, nywila na saa zake. Zikiisha, basi.

Scherr alijua kwamba faili lolote lingeweza kuchapishwa kwa kuwasilisha kadi iliyotobolewa yenye jina la faili hilo. Ijumaa moja usiku akawasilisha kadi ya kuomba faili la nywila za watumiaji wote. Jumamosi asubuhi na mapema akaenda kwenye kabati la karatasi zilizochapishwa, akajichukulia. Habari hii aliisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, akaongeza kwamba nywila aliwagawia na wengine ili lawama isimwangukie yeye tu. Mmoja wao, J. C. R. Licklider, akaanza kuingia kwa akaunti ya mkurugenzi wa maabara na kumwachia ujumbe wa kejeli.

Mwaka 1966 mfumo wenyewe ulizimwaga siri hizo bila kuombwa. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, huyu faili la nywila, yule faili la tangazo la siku. Programu ya kuhariri ikachanganya mafaili yao ya muda, na kila aliyeingia jioni ile akakaribishwa na orodha nzima ya nywila za wenzake.

Visa vya aina hii ndivyo vinavyofanya historia ya kuingia kwenye kompyuta isimuliwe kama historia ya nywila. Lakini tazama Scherr alichokuwa anatafuta: saa. Siri za watu hazikumhusu. Kipindi cha mtumiaji, yaani muda kati ya kuingia kwake na kutoka, kilianza kama hesabu ya nani atozwe nini. Na katika hesabu hiyo mwanzo haukuwahi kusumbua sana, kwa sababu mtu akitaka kuingia hujitambulisha mwenyewe. Kinachosumbua mpaka leo ni kujua ameondoka lini, na alivyoviacha vikiendelea vifanyweje.

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Murray Hill, New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kitabu chake cha kwanza cha maelekezo kina tarehe 3 Novemba 1971, na utaratibu wa kuingia tayari umo. Programu ya kwanza kuamka, init, huzindua nyingine iitwayo getty kwa kila waya unaokwenda kwenye mashine ya kuchapia. Getty husubiri. Mtu akichapa jina, getty humkabidhi kwa login. Login huuliza nywila, ikiridhika huwasha sheli, programu inayopokea amri zake, na mtu huanza kazi. Sheli ikifa, init huarifiwa, huandika kwamba mtu ametoka, kisha huzindua getty mpya kumsubiri mwingine. Programu tatu fupi zinapokezana, na hakuna hata moja inayojua yote. Kwa kazi ya vijana wachache wenye mashine ndogo, naona ni ubunifu ambao haujapitwa.

Kumbukumbu ziliwekwa katika mafaili mawili: utmp la walioko ndani sasa hivi, na wtmp la walioingia na kutoka tangu mwanzo. Ni sawa kabisa na daftari la wageni lililopo getini kwenye ofisi zetu, na kasoro yake ni ileile: safu ya muda wa kutoka ndiyo huachwa wazi. Amri ya last, inayosoma wtmp, ina hata maneno maalumu ya kuandika mbele ya jina la mtu aliyetoweka bila kuaga.

Walitoweka kwa sababu wengi waliingia kwa simu. Kompyuta ilikuwa chuoni au kazini, mtumiaji yuko nyumbani na modemu, na laini ikikatika katikati ya kazi mashine ilipaswa kuamua lipi la kufanya. Unix iliamua kwamba simu ikikatwa, programu zote za waya ule zipelekewe ishara ya kuzifisha. Ishara hiyo ndiyo namba 1 katika orodha ya ishara zote, na ingalipo leo kwenye mashine ambazo hazijawahi kuunganishwa na simu. Anayetaka kazi yake iendelee baada ya yeye kuondoka huitanguliza na amri ya nohup, na ishara hiyo haitaigusa.

Palibaki pengo baya. Programu yenye nia mbaya ingeweza kuipuuza ishara, ikabaki imeng'ang'ania waya wa mtu aliyetoka. Mtumiaji mwingine anapoketi hapo na kuchapa nywila yake, programu ya mwenzake inaisoma. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliongeza vhangup, amri ya ndani inayowapokonya wote waliokuwa wameushika waya kabla mgeni mpya hajakaribishwa. Mwaka 1988 viwango vya POSIX viliipa dhana ya kipindi maana rasmi: kundi la programu zilizo chini ya kiongozi mmoja, na waya mmoja unaozitawala. Hata hivyo kanuni hizo hizo ziliruhusu programu yoyote kujitoa na kuanzisha kipindi chake yenyewe. Kutoroka kukawa halali.

Upande wa nywila nitaupita haraka. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha uchunguzi wa nywila 3,289 za watumiaji wa Unix. 2,831 kati yake zilikuwa fupi mno au zilipatikana kirahisi kwenye kamusi na orodha za majina. Nywila ya Thompson mwenyewe, iliyohifadhiwa kwa fumbo katika faili la zamani la Berkeley, ilifumbuliwa mwaka 2019. Ilikuwa ni hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji.

Ushahidi mkubwa zaidi wa thamani ya daftari la vipindi ulitoka California mwaka 1986. Katika maabara ya Lawrence Berkeley, Clifford Stoll, mtaalamu wa nyota aliyehamishiwa kitengo cha kompyuta, aliambiwa atafute kwa nini hesabu za mwezi zimepishana kwa senti 75. Programu mbili zilikuwa zikijumlisha muda wa watumiaji, na moja ilikuwa na sekunde chache zisizo na mlipaji. Mtu mwingine angezifuta. Stoll alizifuata, akakuta mtumiaji asiye na anwani ya kupelekewa bili. Akakusanya printa na mashine za kuchapia za ofisini mwishoni mwa wiki, akazifunga kwenye laini zilizokuwa zikiingia, kila herufi ya mgeni ikatoka kwenye karatasi. Ufuatiliaji wa miezi ulimfikisha kwa Markus Hess, kijana wa Hannover, Ujerumani, aliyekuwa akidukua kompyuta za jeshi la Marekani na kuwauzia KGB, majasusi wa Kisovieti, alichokipata. Stoll aliyaandika yote katika kitabu chake cha mwaka 1989, The Cuckoo's Egg.

Kufikia miaka ya 1990 njia za kuingia zilikuwa zimeongezeka: kwa mtandao, kwa kioo cha picha, kwa kadi. Kila programu ilikuwa na namna yake ya kuuliza nywila, na msimamizi aliyetaka kubadilisha sharti moja alilazimika kugusa programu moja moja. Mwaka 1995 wahandisi wa Sun Microsystems walipendekeza PAM, mpango wa kulitoa suala hilo ndani ya programu na kuliweka katika mafaili ya maandishi. Fungua folda ya /etc/pam.d kwenye Linux, mfumo uliofuata mtindo wa Unix, utaona mistari iliyogawanywa mafungu manne: kuthibitisha mtu, kukagua akaunti yake, kubadili nywila, na kipindi chenyewe. Mstari wa fungu la mwisho unaotaja pam_limits, kwa mfano, humwekea mtumiaji ukomo wa mafaili na programu anazoweza kufungua tangu anapoingia. Mafungu matatu ya kwanza yanashughulika na mlango.

Kisha ukaja ugomvi. Mwaka 2008 kiini cha Linux kilipata uwezo wa kuzipanga programu katika makundi ambayo haziwezi kujitoa zenyewe, na mfumo wa systemd, ulioanzishwa na Lennart Poettering na Kay Sievers, ukajenga juu yake logind, programu ya kusimamia vipindi. Kwa mara ya kwanza mashine iliweza kutaja kwa uhakika kila kilichozaliwa ndani ya kipindi cha mtu, hata kilichojaribu kutoroka. Mei 2016, toleo la 230 la systemd likawasha sharti la KillUserProcesses: ukitoka, vyako vyote vinazimwa.

Waliotumia screen na tmux walikuja juu. Watu huzitumia programu hizo hasa kwa kuacha kazi ikiendelea kwenye seva wakati mwenyewe amekwenda kulala. Watetezi walisema msimamizi ana haki ya kujua kwamba aliyetoka ametoka kweli; wapinzani walisema mazoea ya miongo hayafutwi kwa neno moja katika faili la logind.conf. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilikataa na kulirudisha sharti hilo katika hali ya kuzimwa. Mimi niko upande wa Debian, ingawa hoja ya usalama ina uzito, hasa kwenye mashine za vyuo ambako mamia huingia kila siku. Anayelitaka sharti hilo anaweza kuliwasha, na watumiaji wenye sababu akawaruhusu mmoja mmoja kwa amri ya loginctl enable-linger.

Daftari la zamani nalo linafungwa. Katika mashine nyingi za Linux, utmp huandika muda kwa hesabu ya sekunde tangu 1970 katika nafasi ya biti 32, na nafasi hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, imeanza kuhamia wtmpdb, yenye nafasi ya kutosha. Mtumiaji wa zamani akichapa last huko, huenda akajibiwa kwamba amri hiyo haipo, mpaka aisakinishe mwenyewe.