Mgao wa Mizigo: Kutoka kwa Wapagazi hadi Seva

Makala haya yanakusudia kuchunguza dhana moja ya ufundi wa kompyuta, yaani kugawa maombi kati ya seva nyingi, kwa kuitazama katika historia ya neno "mzigo". Wengine hukiita chombo kinachofanya kazi hiyo "kisawazisha mzigo". Kwa maoni yetu jina hilo lina kasoro, na historia yaweza kutuonyesha kasoro hiyo.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na Manyema ilipima mizigo kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16. Mpagazi mmoja alipewa takriban frasila mbili. Wanyamwezi walichukua begani, watu wa pwani kichwani. Pembe iliyomzidi mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikabebwa na wawili. Kirangozi alitangulia njiani, bali mnyapara ndiye aliyesimamia watu na mizigo yao. Mpagazi akiugua au akitoroka, ilibidi mzigo wake ugawanywe kwa wengine, la sivyo uachwe njiani.

Huku kwetu Kivu neno hilo lina kumbukumbu chungu zaidi. Mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoelekea Tabora, ambayo waliiteka tarehe 19 Septemba, watu wengi walishurutishwa kuwa wapagazi. Kilichotakiwa kwa machifu kilikuwa idadi ya watu. Hali ya kila mmoja wao haikuulizwa sana.

Sasa tutazame seva. Mwaka 1994, kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilikuwa na wasomaji wengi kupita uwezo wa seva moja. Wataalamu wake waliweka seva kadhaa chini ya jina moja, na mfumo wa majina ukatoa anwani zao kwa zamu. Hesabu ilikuwa sawa, lakini mzigo haukuwa sawa: anwani moja iliyohifadhiwa mahali fulani iliweza kutumiwa na watu wengi, na seva iliyokufa iliendelea kupewa zamu yake kama kwamba ni nzima. Kwa hiyo vigawaji vilivyofuata vilifundishwa mambo matatu: kuipa seva yenye nguvu sehemu kubwa zaidi, kupeleka ombi jipya kwa seva yenye maombi machache mkononi, na kuiuliza kila seva mara kwa mara kama i hai. Isiyojibu huondolewa katika kundi mpaka ipone.

Hapo ndipo kasoro ya "kusawazisha" inapojitokeza. Kitenzi hicho chadai usawa wa hesabu, hali kazi yenyewe ni kugawa kwa kadiri ya uwezo na hali ya mbebaji. Ndiyo maana twapendekeza "kigawa-mizigo": kiambishi ki- cha ala, na kitenzi ambacho misafara ingekitambua.

Huenda msomaji akaona kwamba twabishana juu ya neno tu. Lakini mama anayepanda milima ya Luhwindja na gunia mgongoni, kamba ikimkaza kipajini, ajua kwamba kilo zile zile si mzigo ule ule kwa kila mtu. Mashine imefundishwa kuuliza hali ya mbebaji kabla ya kumwongezea. Mpagazi wa 1916 hakuulizwa.