Nani Atakudhaminia Dakika 23? Mapendekezo ya Roki ya Progresivu Mpakani Busia na Malaba

Roki ya progresivu ni muziki unaodai muda. "Echoes" ya Pink Floyd, ya mwaka 1971, inapita dakika 23. Mwaka uliofuata Jethro Tull walitoa "Thick as a Brick", wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri. Ala hupokezana, mapigo huvunjwa na kuundwa upya, na mwimbaji anaweza kukawia dakika kadhaa kabla ya kufungua kinywa. Hoja ya makala haya ni kwamba muziki wa namna hii haumpati msikilizaji mpya kwa kubahatishiwa na mashine. Humpata kwa mkono wa mtu anayemfahamu, aliye tayari kuulizwa maswali baadaye. Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, ni mahali pa kuipima hoja hiyo, kwa kuwa huko ramani ya majukwaa ya mtandaoni na ramani ya maisha ya watu hazilingani.

Spotify iliingia Kenya, Uganda na Tanzania Februari 2021. Boomplay ilikuwa imetangulia, ikija ndani ya simu za Tecno kabla mnunuzi hajaiomba. Majukwaa haya huigawa Afrika Mashariki kwa nchi: akaunti ina nchi, chati ina nchi, malipo yana nchi. Mpakani mambo hayaendi hivyo. Wateso wako Malaba na Amagoro kama walivyo Tororo, Wasamia wako pande zote mbili, na hadi 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa la Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mfanyabiashara hulala Busia ya Kenya na kufungua duka Busia ya Uganda, mfukoni ana laini mbili. Mwenye akaunti ya bure ya Spotify huruhusiwa kuitumia nje ya nchi aliyojisajilia kwa siku 14 tu, kisha hutakiwa kubadili nchi. Aliyeitunga kanuni hiyo alimfikiria mtalii. Mtu anayevuka kila asubuhi hakumwona.

Kodi nazo ziliingia. Kuanzia Julai 2018 Uganda ilimtoza shilingi 200 kwa siku kila aliyetumia WhatsApp, Facebook na mitandao ya aina hiyo. Mwaka 2021 tozo ikafutwa na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya data. Kwa miaka mitatu, basi, kumtumia binamu linki ya wimbo kulikuwa na bei ya ziada upande mmoja wa barabara.

Bei hiyo ina uzito kwa sababu wimbo mrefu hula bando. Kwa kiwango cha kilobiti 96 kwa sekunde, "Echoes" humaliza takriban megabaiti 17. Anayenunua bando la siku hawezi kuzitoa kwa jambo asilolijua. Upande wa msanii hali si nafuu. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukipita sekunde 30, na hesabu ni moja, wimbo uwe wa dakika mbili au 23. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Mfumo uliojengwa hivi hauna sababu ya kumhimiza mtu avumilie. Muziki mrefu umewekwa pembeni na hesabu za malipo, na naliona jambo hilo kuwa dhuluma kwa wanamuziki wanaojenga wimbo polepole.

Kuna wanaosema kwamba tatizo ni msikilizaji wa siku hizi, hasa kijana, asiye na subira. Historia ya eneo hili inawakanusha. Santuri za mizunguko 45 zilizotengenezwa Nairobi miaka ya 1970 ziliukata wimbo wa rumba au benga vipande viwili: hadithi upande wa kwanza, sebene upande wa pili, na msikilizaji aliinuka kuigeuza santuri kwa hiari yake. Ng'ambo ya mpaka, Paul Kafeero aliimba kadongo kamu yenye simulizi ndefu juu ya kifo katika "Walumbe Zaaya", na watu wakaifuata hadi mwisho. Hata leo, foleni ya matrela Malaba inapokwama, dereva ana saa nyingi za kusikiliza. Subira ipo. Kinachokosekana ni sababu ya kuielekeza kwa muziki usiofahamika, na sababu hiyo huletwa na mtu.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja yangu ni wa Ayub Ogada. Akiwa bado anaitwa Job Seda, alipiga na Black Savage, bendi ya Nairobi iliyochanganya roki na lugha za nyumbani katika miaka ya 1970 na kuacha rekodi ya "Kothbiro". Miaka ya 1980 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, kinubi cha Waluo, akawa anapiga kwa wapita njia London. Kutoka hapo alifika Real World, lebo ya Peter Gabriel, mwimbaji aliyeiongoza Genesis katika miaka yake ya progresivu hadi alipoondoka 1975. Albamu ya "En Mana Kuoyo" ikatoka 1993, "Kothbiro" mpya ikiwamo. Mwaka 2005 wimbo huo ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha ile rekodi ya zamani ya Black Savage akakitia katika "Yikes". Katika kila pete ya mnyororo huu kuna mtu aliyesikia, akaamini, akampitishia mwingine. Leo matoleo hayo yote yako mtandaoni, na hilo ni jambo kubwa ambalo majukwaa yanastahili kushukuriwa. Lakini kijana wa Busia anayependa Genesis hataambiwa na algoriti kwamba njia ya kwenda kwa Gabriel ilipitia kwa jirani yake wa Kisumu, alikofariki Ogada mwaka 2019.

Pendekezo lenye nguvu lina umbo lake. Chukulia binamu wawili, mmoja Malaba, mwingine Tororo. Linki ya "Echoes" inatumwa, ikifuatwa na ujumbe wa sauti: sikiliza ukiwa kwenye waifai, vaa spika za masikioni, ile noti moja ya piano inayodondoka mwanzoni isikuchoshe. Baadaye jibu linarudi: "Nimefika dakika ya kumi na mbili, imekuwa upepo na milio tu. Niache?" Naye anajibiwa: "Vumilia hadi ya kumi na tano." Maneno hayo mafupi yanafanya kazi ambayo hakuna orodha ya nyimbo inayoifanya, kwa kuwa aliyeyasema amepita hapo na kesho watakutana.

Mpangilio nao ni sehemu ya udhamini. Orodha nyingi za kumwingiza mtu katika roki hii huanzia King Crimson, 1969, kwa kufuata tarehe. Kwa msikilizaji wa Busia aliyelelewa na benga, ningeanza na "Kothbiro" ya Black Savage, nikafuatisha ile ya 1993 ili asikie nyatiti ikichukua nafasi ya gita za umeme. Kisha ningemtumia "Supper's Ready" ya Genesis, ya 1972, nayo ni ya dakika 23 hivi, Gabriel akiwa bado mwimbaji, pamoja na ujumbe wa sauti wa kumwambia ni dakika zipi atatamani kuizima.