Sola ipi inakufaa? Soma kabla hujaenda Kariakoo

Kipindi cha mgao ule wa mwishoni mwa 2023 niliingia mkenge. Nina kibanda cha kunyoa hapa Ilala, umeme ukikatika wateja wanahamia kwa jirani. Nikakusanya mshiko, nikaenda Kariakoo, nikarudi na paneli iliyoandikwa wati 200 na betri ya gari. Miezi mitano tu, betri kimeo. Yasiwakute.

KWANZA, PIGA HESABU
Zidisha wati za kila kifaa kwa saa unazokitumia. Kwangu mimi:
- Taa 3 za wati 9, saa 10: 270
- Mashine 2 za wati 12, saa 8: 192
- Feni ya wati 50, saa 8: 400
Jumla wati-saa 862 kwa siku. Pasi na hita, sahau.

PILI, CHAGUA AINA
1. Ya kuunganisha na TANESCO, bila betri. Inapunguza matumizi ya LUKU tu. Umeme ukikatika nayo inazima, makusudi kabisa, isije ikampiga shoti fundi aliye kwenye nguzo. Wengi hawaambiwi hili!
2. Ya kujitegemea: paneli, chaji kontrola, betri na inveta. Inafaa kule nguzo haijafika.
3. Mseto: jua, betri na TANESCO pamoja. Nzuri, ila bei imesimama.
4. Inveta na betri tu, inachajiwa na TANESCO. Umepanga katikati ya maghorofa, paa si lako, jua halifiki? Hii ndiyo yako.

TATU, VIPIMO
Paneli: gawa 862 kwa saa 5 za jua kali, kisha kwa 0.7 kwa ajili ya upotevu. Unapata kama 250, chukua ya 300.
Betri ya volti 12, Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ya asidi tumia nusu tu, kwa hiyo unahitaji 2. Ya lithiamu inatosha 1. Ya gari ni ya kuwashia injini, achana nayo.

NNE, USIPIGWE
Paneli ya kweli ya wati 200 inakaribia mita 1 ya mraba. Yangu ilikuwa nusu yake! Soma lebo ya nyuma, pima kwa mita juani, ndipo ulipe.

Mimi sasa nipo namba 4, na jirani kanirudishia wateja wangu. Mafundi wa sola mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni.